Mume wangu anataka silaha nyumbani: tuchague ipi?

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Arlington, Texas, ambako mimi na familia yangu tumeishi tangu tulipohama kutoka Arusha. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akiondoka, mara nyingi hukaa barabarani siku kumi au zaidi. Mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya wazee, na kila wiki ninafanya zamu tatu za usiku, kuanzia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Binti yetu mkubwa, mwenye miaka 20, anasoma chuo mji wa jirani na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, wakati mwingine usiku sana na bila kutuarifu, akiingilia mlango wa gereji. Nyumbani wapo kijana wetu wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 8. Tangu mwezi wa pili tunaye pia mama mkwe wangu, aliyekuja kwa viza ya matembezi.

Mwezi uliopita nyumba ya jirani anayetazamana nasi ilivunjwa usiku wa manane, wenyewe wakiwa wamelala. Wezi waliupiga mlango wa mbele mateke mawili tu, fremu ikapasuka, wakaingia. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mume wangu hatulii huko safarini, na ameamua kwamba safari hii akirudi ni lazima tununue silaha.

Tatizo ni kwamba kila mtu ana silaha yake kichwani. Mume wangu anataka shotigani, kwa sababu anasema mlio wake wa kukokiwa peke yake unamkimbiza mwizi, na kwamba mtu hahitaji kulenga sawasawa. Shemeji yangu, mdogo wake, anasema tununue bunduki ya aina ya AR-15, na amejitolea kuinunua yeye Jumamosi ijayo kwa jina lake, kwa sababu ni raia na karatasi zake hupita haraka, kisha sisi tumrudishie fedha zake. Mimi na mume wangu bado tuna kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Nilipokwenda dukani mwenyewe kuuliza, muuzaji alinionyesha bastola ndogo ya rangi ya waridi akasema hiyo ndiyo ya akina mama. Mimi sijawahi kushika silaha maishani mwangu.

Nyumba yetu haina ghorofa. Ukiingia mlango wa mbele, chumba cha kwanza ni cha mama mkwe. Kuna korido ndefu, na mwisho wake ndipo chumba chetu, kikipakana kwa ukuta na chumba cha kijana wetu.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusika. Kijana huyo amebadilika tangu alipohamia shule mpya. Ameacha mpira wa miguu, anajifungia chumbani, na wiki tatu zilizopita alimwandikia dada yake kwamba nyumba hii ingekuwa na nafuu kama yeye asingekuwepo. Alipoulizwa alisema alikuwa anatania. Baba yake anasema ni ujana, utapita.

Naomba uniambie, kwa nyumba kama yetu, silaha ipi inafaa?

Mama wa Watatu

Mpendwa Mama wa Watatu,

Naanza na kijana wako, kwa kuwa jibu la maswali mengine yote linamtegemea yeye. Mtoto wa miaka 15 anayejitenga, aliyeacha mchezo alioupenda, na aliyeandika kwamba wenzake wangekuwa na nafuu bila yeye, hatanii hata kama mwenyewe anasema anatania. Wiki hii, kabla ya kwenda duka lolote la silaha, mpeleke kwa daktari wake au zungumza na mshauri wa shule yake, na umuulize wewe mwenyewe, mkiwa wawili, kwa maneno ya wazi, kama amewahi kufikiria kujiua. Wazazi wengi wa kwetu huliogopa swali hilo wakidhani litampa mtoto wazo ambalo hakuwa nalo. Halimpi wazo; linampa ruhusa ya kusema. Namba 988, simu ya msaada kwa wanaofikiria kujiua, hupokelewa usiku na mchana kote Marekani, na mzazi mwenye wasiwasi anaweza kuipiga vilevile kama mwenye shida mwenyewe.

Nchini humo zaidi ya nusu ya vifo vinavyotokana na silaha za moto ni vya watu waliojiua, si vya wezi wala vya wenye nyumba waliovamiwa. Anayejaribu kujidhuru kwa njia nyingine nyingi mara kwa mara huwahiwa, akatibiwa, na wengi wa walionusurika hawafi baadaye kwa kujiua, kwa sababu ile dakika mbaya hupita. Silaha ya moto haimwachii mtu nafasi hiyo: takriban majaribio 9 kati ya 10 huishia kifo. Kwa hiyo ushauri wangu, na nitauweka waziwazi ili mumeo asome sentensi hii mwenyewe, ni kwamba silaha ya aina yoyote isiingie katika nyumba hiyo sasa, hata ikiwa ndani ya sefu nzuri, mpaka kijana awe amepata msaada na anayemhudumia awe ameulizwa mahususi kuhusu jambo hili na kuridhika. Madaktari wa watoto huko wamezoea kulizungumza, na hutakuwa mzazi wa kwanza kulileta.

Najua mumeo hataridhika na jibu hilo peke yake, kwa hiyo tuutazame usiku wenyewe anaouogopa. Katika wiki ambayo yeye yuko safarini, usiku wa zamu zako nyumbani hubaki mama mkwe na watoto wawili. Mama mkwe ameingia kwa viza ya matembezi, na sheria ya shirikisho inamkataza mgeni mwenye viza ya namna hiyo kumiliki au hata kuwa na silaha au risasi mikononi mwake, isipokuwa wachache wenye sababu zilizotajwa na sheria, kama leseni halali ya uwindaji. Kumpa namba za sefu ili ajitetee usiku ni kumtia katika kosa la jinai ugenini kwa nia njema kabisa. Kijana hastahili kuachiwa, kwa sababu tuliyoizungumza. Mdogo wake ana miaka minane. Maana yake ni kwamba, siku tatu kati ya saba, silaha ambayo mngetumia mamia ya dola kuinunua ingekuwa chumbani bila mtu mmoja anayeweza kuigusa kihalali na kwa usalama. Mumeo anachagua silaha kana kwamba ni yeye atakayekuwa kitandani usiku huo, ilhali atakuwa ameegesha lori New Mexico.

Kuhusu mpango wa shemeji, mwambieni ahsante na hapana, na mfanye hivyo kabla ya Jumamosi. Anayenunua silaha kwa muuzaji mwenye leseni hujaza fomu ya shirikisho namba 4473, ambamo huulizwa kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Shemeji akijibu ndiyo huku fedha ni zenu na silaha ni yenu, atakuwa ametoa taarifa ya uongo, kosa ambalo adhabu yake hufika miaka 10 gerezani. Wala haisaidii kwamba ninyi wenyewe mnaruhusiwa kununua. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, aliyekuwa polisi zamani huko Virginia, aliyemnunulia mjomba wake bastola kwa fedha za mjomba ili wapate punguzo la bei. Mjomba alikuwa na haki zote za kumiliki silaha, na bado hukumu ya kumtia Abramski hatiani ilithibitishwa. Kumnunulia ndugu zawadi ya kweli kwa fedha yako mwenyewe ni jambo jingine, lakini hilo silo mnalolipanga.

Na halina haja. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua silaha kwa jina lake. Ataonyesha kitambulisho chenye anwani ya mahali anapoishi sasa, ataandika namba yake ya uhamiaji katika fomu, na muuzaji atapeleka majina yake kukaguliwa katika mfumo wa FBI. Bastola huuzwa dukani kwa aliyefikisha miaka 21, na bunduki ndefu kwa aliyefikisha 18. Jimbo la Texas halidai kibali cha kununua wala cha kuweka silaha nyumbani. Ila kwa ninyi ambao bado si raia, kila kosa linalohusu silaha lina uzito wa ziada, kwa kuwa kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Ndugu yake mumeo, raia, anaweza kulipa faini akaendelea na maisha. Ninyi mnaweza kujikuta mbele ya jaji wa uhamiaji. Jibuni kila swali la fomu ile kwa ukweli, likiwemo la bangi, ambayo kwa sheria ya shirikisho humzuia mtumiaji hata kama jimbo aliloitumia linairuhusu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, kwa sababu siku inaweza kufika ambapo kijana amepona, mama mkwe amerudi Arusha, na ninyi wawili mkaamua bado mnaitaka.

Shotigani ina sifa ambazo nyingine haizistahili. Ile ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) humrudia mpigaji begani kwa nguvu ambayo mtu asiyeizoea huikumbuka siku nzima, na bunduki ya namna hiyo, hata ikiwa na mtutu mfupi kadiri sheria inavyoruhusu, yaani inchi 18, huwa na urefu wa karibu mita moja, jambo linalofanya kupinda nayo kona ya korido au kufungua mlango kwa mkono mmoja huku umembeba mtoto kuwa kazi ngumu. Suala la kutolenga ni hadithi ya vijiweni. Katika umbali wa ndani ya nyumba, mita nne au tano, gololi zinazotoka katika risasi moja bado hazijasambaa zaidi ya upana wa kiganja. Ukikosea kulenga, umekosa. Na mlio wa kukoki, ambao kila mtu husimulia, unamwambia mwizi mwenye silaha mahali hasa uliposimama. Zaidi ya hayo, mtu mwenye hofu huivuta ile sehemu ya kukokia nusu tu, risasi mpya haiingii, na anabaki na chuma kizito mkononi. Geji 20 ni nyepesi zaidi na ningeipendelea kwa mtu wa umbo dogo, lakini matatizo ya urefu na ya kukoki ni yaleyale.

Shemeji hajakosea kabisa kuhusu AR-15. Ni nyepesi, mrejeo wake ni mdogo, ni rahisi kulenga kuliko bastola, na risasi zake nyepesi zilizotengenezwa kwa ajili ya ulinzi huvunjika upesi zikigonga ukuta, kiasi kwamba mara nyingine hupenya kuta chache kuliko za bastola, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Ubaya wake kwenu ni kwamba inahitaji mikono miwili wakati wote na sefu kubwa. Pia mlio wake ndani ya nyumba ni mkali kupita kiasi. Silaha zote hizi huvuka desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio mara moja, lakini hiyo katika korido yenu ingemwacha kila mtu hasikii vizuri kwa muda, ukiwemo wewe unayetakiwa kumsikiliza polisi kwenye simu.

Ile bastola ya rangi ya waridi iache pale pale. Wauzaji wengi humwona mwanamke wakafikiri udogo na rangi, ilhali bastola ikiwa ndogo na nyepesi ndivyo inavyoruka zaidi mkononi na ndivyo ilivyo ngumu kuilenga. Zile zimetengenezwa kufichwa mkobani, na wewe huna haja ya kuficha kitu chumbani kwako. Rivolva, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, husifiwa kwa urahisi wake, kwa kuwa haina magazini (kasha la risasi la kuchomeka) wala sehemu ya juu ya kuvuta, lakini nyingi zinahitaji kidole kivute kifyatulio kwa nguvu ya kilo tano hivi, na mkono unaotetemeka huivuta shabaha pembeni kabla risasi haijatoka. Ambayo ningemwelekeza mtu kama wewe ni bastola ya milimita 9 ya ukubwa wa kati au kamili, isiyo nyepesi mno, yenye nafasi ya kufunga tochi chini ya mtutu, na yenye sehemu ya juu ambayo wewe mwenyewe, si muuzaji, umeweza kuivuta mara kadhaa bila kushindana nayo. Viwanja vingi vya shabaha katika eneo la Dallas na Fort Worth hukodisha silaha. Jaribu kupiga shabaha kwa silaha mbili tatu tofauti chini ya mwalimu kabla ya kulipia yoyote. Risasi ziwe zile zenye tundu kwenye ncha, zinazopanuka zikimpata mtu badala ya kumpita na kuendelea na safari.

Lakini hakuna risasi ya kujilinda isiyopita ukuta wa nyumba yenu. Huko kwetu mtu analala ndani ya matofali, na nondo ziko dirishani. Nyumba ya Texas, kwa ndani, ni ubao wa jipsamu wa unene wa sentimita moja na kitu kila upande, katikati hewa na nguzo za mbao. Risasi ya bastola hupita kuta kadhaa za namna hiyo na bado inaua. Sasa simama mlangoni pa chumba chako na utazame kule mlango wa mbele ulipo: nyuma ya mtu aliyeingia, au ubavuni pake, ni ukuta wa chumba cha mama mkwe. Ukigeuka upande mwingine, ni kitanda cha kijana. Usiku wa leo, bila kununua chochote, hamisha vyumba. Bibi na mjukuu wake wa miaka minane walale karibu nawe, kijana awe upande huohuo wa nyumba, na chumba cha mbele kibaki cha masanduku na meza ya kusomea. Mpango ukiwa hivyo, kukitokea kishindo, nyote mnakusanyika katika chumba chako, mlango unafungwa, simu inapigwa 911, namba ya dharura, na anayetaka televisheni aichukue. Usitoke kwenda kukagua nyumba. Kukagua nyumba gizani ni kazi ya polisi waliofunzwa, nao huifanya wakiwa wengi.

Sheria ya Texas inamlinda sana mwenye nyumba. Hana wajibu wa kukimbia ndani ya nyumba yake, na akiwa hakumchokoza mtu huyo wala hakuwa akifanya kosa, hudhaniwa kuwa alikuwa na sababu ya msingi ya kutumia nguvu ya kuua dhidi ya mtu aliyevunja na kuingia kwa nguvu wakati watu wamo. Watu wa baraza huishia hapo wanaposimulia. Hawasimulii habari za binti anayerudi kutoka chuo saa saba usiku kupitia gereji bila kumwambia mtu. Mwezi wa nne mwaka 2023, huko Kansas City jimboni Missouri, kijana Mweusi wa miaka 16 aliyetumwa kuwachukua wadogo zake alikwenda nyumba isiyo yenyewe, katika mtaa wenye jina linalofanana sana na ule aliotumwa, akabonyeza kengele, na mzee mwenye nyumba akampiga risasi kupitia mlango wa kioo. Kijana alinusurika, mzee alishtakiwa na baadaye akakiri kosa. Ndiyo maana nimetaja tochi, na ndiyo maana ninyi, mkiwa na silaha au bila silaha, mnahitaji kanuni isiyovunjwa na mtu: binti haingii bila kupiga simu kwanza na kusikia sauti ya mtu aliye ndani.

Sefu inunuliwe kabla ya silaha. Muuzaji mwenye leseni analazimika na sheria ya shirikisho kukupa kufuli au kifaa cha usalama pamoja na kila bastola, na idara nyingi za polisi hugawa bure kufuli za waya. Hizo zinafaa kwa kusafirisha na kuhifadhi kwa muda mrefu, lakini hazifai kwa kitu unachokusudia kukifikia gizani. Kinachofaa ni sefu ndogo ya chuma, yenye vitufe vya namba vinavyobonyezwa kwa kupapasa, iliyofungwa kwa boliti kwenye sakafu au ndani ya kabati kubwa ili mwizi asiondoke nayo nzima. Zile za alama za vidole hukataa kidole chenye jasho au losheni, na wewe unanawa mikono siku nzima kazini. Namba zisiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa familia. Kijana wa miaka 15 atazijaribu zote kabla ya chakula cha jioni. Usijidanganye pia kwamba juu ya kabati au chini ya godoro ni mahali pa siri, maana watoto huijua nyumba kuliko wazazi. Texas humwajibisha kwa jinai mtu mzima ambaye kwa uzembe ameacha silaha iliyo tayari kufyatuka ikamfikia mtoto wa chini ya miaka 17, na kosa huwa kubwa zaidi mtoto akiifyatua na mtu akafa au kuumia vibaya.

Hayo ni ya baadaye. Ya wiki hii yako mlangoni, na ndiyo yangemsaidia jirani yako kuliko bunduki yoyote. Fungua mlango wenu wa mbele utazame lile bati dogo kwenye fremu ambamo ulimi wa kufuli huingia. Fungua skrubu moja kwa bisibisi. Katika nyumba nyingi za huko utaona ni fupi, hazizidi sentimita mbili, na zimeshika ubao laini wa fremu tu, kwa hiyo teke linapokuja kinachovunjika si kufuli bali ule ubao. Nunua bati refu la chuma na skrubu za inchi 3, zinazopita fremu na kuingia katika nguzo ya ukuta, uweke na kwenye bawaba vilevile. Ni kazi ya saa moja na fedha isiyofika bei ya boksi chache za risasi. Mlango wa kutoka gereji kuingia ndani ufungwe kila usiku kama wa nje, na rimoti ya gereji isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa barabarani. Ongezeni king'ora cha milango na taa inayowaka ikiona mtu anasogea. Vitu hivi humlinda mama mkwe usiku wa zamu yako, na havimdai awe raia wala ajue kulenga.

Mfundishe pia bibi kupiga 911 na kutamka anwani kwa Kiingereza, kisha aseme neno "Swahili" ili atafutiwe mkalimani. Vituo vingi vina huduma ya ukalimani kwa simu. Andika anwani kwa herufi kubwa na uibandike karibu na kitanda chake, na mfanye zoezi hilo bila kupiga simu yenyewe, mpaka alizoee.

Mumeo unaweza kumwambia hivi: kwamba hukatai silaha kwa kuogopa, na wala hudharau wasiwasi wake, ila unataka mkubaliane masharti kabla ya aina. Kwamba kijana ameonwa na mtaalamu na nyote wawili mmesikia maoni yake. Kwamba wewe, ambaye utakuwa nayo usiku mwingi kuliko yeye, umechukua mafunzo na unaendelea kwenda uwanjani, si siku moja ya kupiga picha. Kwamba sefu imefungwa, namba mnazijua ninyi wawili peke yenu, na usiku wa zamu yako haifunguliwi na mtu. Masharti hayo yakitimia na bado mnaitaka, mtakuwa na jibu lenu kuhusu aina, na pengine mtagundua kwamba mlango umeshawaondolea nusu ya hofu. Kama siku moja hali ya mtu yeyote nyumbani itabadilika baada ya kuinunua, itolewe nje ya nyumba siku hiyohiyo. Baadhi ya maduka ya silaha na viwanja vya shabaha hukubali kuhifadhi kwa muda, na ni vyema kuuliza mapema kabla ya kuhitaji.

Jambo la mwisho ni lori, maana najua atalifikiria. Silaha ya nyumbani isihamie kwenye lori. Texas humruhusu mengi barabarani, lakini Illinois, New Jersey na California zina sheria zao, na Kanada ni habari nyingine kabisa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 humruhusu mtu kuvuka majimbo na silaha yake ikiwa kule atokako na aendako anaruhusiwa kuwa nayo, na ikiwa haina risasi, haifikiki kirahisi kutoka alipokaa, na katika gari lisilo na buti imefungwa ndani ya kasha lenye kufuli. Silaha iliyofungwa hivyo haitamsaidia chochote akilala kituo cha malori, na akiibeba kinyume cha hapo, kituo kimoja cha ukaguzi kinatosha kuifikisha kadi yake ya kijani kwa watu wa uhamiaji.

Mshauri